Roketi ya Uani kwa Bibi

Nilikuwa napiga pasi sare za shule dukani kwangu Namanyere, redio ikiongea yenyewe kama kawaida, niliposikia mtu akisimulia utoto wangu.

Mgeni wa kipindi alikuwa mwanamke, sauti tulivu, Kiswahili kilichonyooka. Mtangazaji alimuuliza alianzaje kupenda sayansi. Akasema alikulia Sumbawanga, na kwamba akiwa kidato cha pili alitengeneza roketi ndogo ya karatasi iliyoshuka ikizunguka kama helikopta. Mapanga yake yalimshinda, akasema, mpaka bibi yake aliyekuwa akipepeta ulezi uani alipomwonyesha kosa lilipo.

Nikaweka pasi pembeni. Bibi yule alikuwa wangu. Mwanamke huyo hakuwa na bibi Sumbawanga. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa serikali waliohamia kutoka Mbeya, na bibi zake walibaki hukohuko. Mimi na yeye tulikaa dawati moja.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana nimekaa nayo muda mrefu mno.

Niliishi na bibi pembeni ya mji, pale nyumba zinapoisha na mashamba yanaanza. Asubuhi za mwezi wa sita baridi ilikuwa ya kukuuma masikio. Tulikota moto, tukanywa uji wa ulezi, nikachota maji, ndipo nikaenda shule na harufu ya moshi kwenye sweta. Nyumbani tulizungumza Kifipa tupu. Jioni bibi alisuka nyungo za kuuza na mimi nikasuka naye, kwa hiyo vidole vyangu vilizoea kazi ndogondogo mapema.

Mwalimu wetu wa fizikia aliviona hivyo vidole. Mgeni mmoja alikuwa amempa injini tatu za roketi za kuchezea, vijibomba vya karatasi ngumu vyenye baruti ndani, kila kimoja cha kurushia mara moja tu. Akaniambia mimi ndiye nitakayetengeneza roketi yenyewe, tuipeleke kwenye maonyesho ya sayansi mjini. Mwenzangu wa dawati angenisaidia kuandika maelezo.

Nilikunja kalenda ya zamani ikawa bomba. Mapanga matatu niliyachonga kutoka ubao mwembamba wa kasha, nikayafunga kwa mipira ya tyubu ya baiskeli iliyoyavuta yafunguke, kisha nikayabana ubavuni kwa uzi. Injini ikimaliza kusukuma hutema moto kidogo kwa mbele; uzi unaungua, mapanga yanafunguka, roketi inashuka ikizunguka bila kuvunjika. Ndivyo mwalimu alivyonichorea. Mara ya kwanza ilipanda vizuri, mapanga yakafunguka, ikaanguka kama jiwe.

Nilirudi nayo nyumbani nikikaribia kulia. Bibi aliweka ungo chini, akaichukua, akaigeuzageuza.

"Mawili yanainamia huku, hili linainamia kule," akasema. "Yatazungukaje yakigombana?"

Nilichonga upya uani pale, makapi ya ulezi yakinirukia usoni, na bibi akikagua kila panga kwa kidole gumba.

Mara ya pili ilipita paa la darasa, ikapita miti, ikawa ndogo kama mbu. Tukasikia mlio mdogo. Kisha ikafunguka. Ilishuka ikizunguka, bila haraka, upepo ukiisogeza kuelekea mashambani, na mimi na mwenzangu tukaikimbilia tumeshikana mikono. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mbele ya darasa zima alisema ile ni kazi ya mikono yangu. Sikuwahi kupendwa na mtu wa nje ya nyumba yetu kama nilivyojiona napendwa siku ile.

Ijumaa moja mwalimu aliniomba roketi ili aipake rangi. Akasema maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, hivyo kesho nikamsaidie bibi kuvuna. Nilimpa ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kanga.

Kesho yake jioni jirani yetu, aliyeuza dagaa wa Kirando sokoni Majengo, alipita kumsalimia bibi. Alikuwa na furaha. Alisema amepita uwanjani mjini akaona kidude kinaruka hadi mawinguni, kisha kinashuka kikizunguka taratibu kama kinaogopa kumwangukia mtu. Na binti aliyekitengeneza alishika kipaza sauti akaongea Kiingereza kama maji, wakubwa wakasimama kumpigia makofi.

Bibi aliniangalia. Niliinama nikaendelea kuchambua maharage.

Bibi alitaka Jumatatu twende wote shuleni. Nilimkatalia, kwa kuwa nilikionea aibu Kiswahili chake. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Nilikwenda peke yangu. Mwalimu hakukana.

"Majaji wanauliza kwa Kiingereza," akasema. "Wewe ungenyamaza pale, tungekosa wote. Wewe una mikono, mwenzako ana mdomo."

Nilimuuliza mbona alinidanganya siku. Akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina.

Mwenzangu alinifuata wakati wa mapumziko, macho mekundu. Alisema mwalimu alimwambia kwamba mimi najua na nimekubali. Nilimwamini. Alipopata nafasi katika shule kubwa ya wasichana mkoa mwingine nilimsindikiza stendi, nikambebea begi. Hasira zangu zote nilimwachia mwalimu, na yeye nikambakiza rafiki, miaka yote hii, mpaka siku ile ya redio.

Nilitafuta namba yake, nikampigia. Alinikumbuka mara moja. Nilimwambia nimemsikia.

"Nilidhani utafurahi bibi akikumbukwa," akasema.

"Ulisema ni bibi yako."

"Jamani, watu wanapenda hadithi yenye bibi."

Tuliagana kwa heshima, kama watu wazima.

Pasaka iliyopita nilikwenda Sumbawanga. Nyumba ya bibi imebomolewa, na bibi mwenyewe amelala makaburini siku nyingi. Uwanja wa shule umekatwa nusu, zimejengwa fremu za maduka. Pale uani kwa bibi, ambapo upepo ulikuwa unapeperusha makapi, kuna ukuta wa matofali. Nilisimama nikitafuta mlango ulikuwa upande gani, nikashindwa.

Nilimpitia jirani yule wa dagaa. Amezeeka, haoni vizuri. Nilimwamkia shikamoo, tukazungumza habari za bibi, kisha nikamuuliza kama anaikumbuka roketi. Uso ukamchangamka. Aliinua mkono juu, akauteremsha akiuzungusha, taratibu, mpaka ukatua magotini. Akamsifu binti wa kipaza sauti, sare yake ilivyonyooka, maneno yake yalivyotiririka. Halafu akanigeukia.

"Wewe siku ile ulikuwepo?"

Nilimwambia sikuwepo, nilikuwa shambani na bibi tunavuna ulezi.

"Basi ulikosa," akasema, akanipapasa mkono kwa huruma.