Siku niliyomzuia mzee wa Msambweni kula kuku kwenye mkahawa wa Kijapani, Diani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona pia.

Juzi humu kuna jamaa alilalamikia sushi, watu wakacheka sana. Mimi nikakumbuka jambo lililonipata mwishoni mwa miaka ya tisini. Nalieleza kama lilivyokuwa. Chumvi ni ile aliyotia mpishi tu, mimi sijaongeza yangu.

Mimi ni mwanamke wa Mwingi, Ukambani. Jina nililoitwa kazini ni Mwende. Niliteremka Pwani kutafuta kazi za hoteli, wakati mbaya kweli. Wageni walikuwa wamepungua, hoteli zinarudisha wafanyakazi nyumbani. Nilizunguka Ukunda na Diani mpaka viatu vikaisha soli.

Mwishowe nikapata kazi ya kuhudumia meza kwenye mkahawa mdogo wa Kijapani. Meza sita tu, na kaunta ambapo unamwona mpishi akikata samaki. Mpishi ndiye mwenye mkahawa, Mjapani tuliyemwita Bwana Haru. Mtu mpole, maneno machache, kisu chake hakishikwi na mtu mwingine. Mambo ya wafanyakazi alimwachia meneja.

Niliwekwa kwenye probation, yaani kipindi cha majaribio ya kazi. Nilikuwa kwenye wiki ya tatu.

Kabla sijaendelea, kuna kitu mkielewe. Kuku wetu aliyependwa sana alipakwa sosi nyeusi, tamu, inayong'aa. Siku moja nilimwona Bwana Haru akimimina kitu cha chupa ndani ya ile sosi, nikamuuliza. Akanijibu bila kuficha: ni pombe ya mchele.

Nikamuuliza meneja, je, akija Mwislamu? Akaniambia, "Mgeni akiuliza sema ni sosi ya Kijapani. Kwani wewe ndiye utakayeulizwa kaburini?"

Nikarudi kupangusa meza. Nilikuwa naitaka ile kazi.

Sasa Jumamosi moja, saa saba mchana, waliingia watu watatu. Kijana mmoja, Salim, baharia wa meli za mizigo, amerudi likizo. Nyuma yake wazazi wake kutoka Msambweni. Baba yake, Mzee Mwinyi, alikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha sukari Ramisi kabla hakijafungwa. Kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Mama yake, Bi Mwanasha, amevaa buibui na anaangalia kila kitu kwa macho makali ya mtu anayejua jiko.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Niseme ukweli, nilifurahi. Watu wa hapo hapo hawakuwa wakija kwetu. Wageni wetu walikuwa Wazungu na Wajapani wachache.

Salim alikuwa na furaha isiyojificha. Alikuwa amekula chakula hiki kwenye bandari za Kijapani, na kwa miaka alikuwa akiwaahidi wazazi wake kwamba iko siku watakila wote. Akaagiza kuku wa sosi kwa watu watatu.

Akaniuliza, "Kuku mnachinjiwa na nani?"

Nikamjibu, "Na Waislamu, tunawanunua Ukunda."

Ilikuwa kweli, lakini kweli nusu. Meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikaandika order nikaenda jikoni.

Chakula kikaiva. Nikakipeleka. Bi Mwanasha akanusa, akasema kina harufu nzuri. Mzee Mwinyi akaomba maji ya kunawa, nikamletea. Vijiti vya kulia akaviweka kando akasema yeye vidole vyake vinamtosha, wakacheka.

Halafu akasema, "Bismillahi," akanyoosha mkono.

Wakuu, kuna maneno hutoka kabla hujayaruhusu.

"Mzee, usile."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Nisamehe mzee wangu. Kuku ni halali, lakini sosi ina kileo. Nilijua tangu mwanzo na sikusema."

Salim ndiye aliyekasirika kwanza. Akasimama. "Dada, unataka kuniaibisha mbele ya wazazi wangu? Hiki chakula nimekila miaka!" Kisha nikaona uso wake ukibadilika, maana alikuwa amejisikia mwenyewe alichosema. Akakaa chini taratibu.

Meneja alifika akitabasamu kwa wageni na kunifinya mkono mimi. "Mwende, vua aproni. Nenda nyumbani."

Nikaanza kufungua kamba za aproni. Sikulia. Nilikuwa nawaza kodi ya chumba na watu wanaonitegemea, lakini ndani ya kifua kulikuwa kumetulia. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Mzee Mwinyi akasema, bila kupandisha sauti, "Bwana meneja, huyu binti anafukuzwa kwa kosa gani?"

"Anasumbua wateja, mzee."

"Mteja ni mimi. Sikusumbuka. Kama anatoka kwa sababu ametuambia kweli, basi na sisi tunatoka naye, mlango huo huo."

Na akasimama kweli! Bi Mwanasha naye akakusanya buibui lake.

Hapo kisu kwenye kaunta kikanyamaza. Bwana Haru akatoka, anapangusa mikono. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwende, shida nini?"

Nikamweleza yote, hata maneno ya meneja. Nikichanganya Kiswahili na Kiingereza, mradi aelewe.

Alimtazama meneja. Kisha akamwinamia Mzee Mwinyi, akainama sana, mpaka tukaona kisogo chake. Akasema kitu ambacho sijakisahau:

"Mimi naona watu wa hapa hawaingii. Nafikiri hawapendi chakula yangu. Hakuna mtu ananiambia."

Mzee akamshika bega. "Basi sasa umeambiwa, ndugu yangu."

Bwana Haru akawaomba wakae. Akasema atapika upya, sufuria safi, bila tone la chupa ile. Bi Mwanasha akasema, "Si kwa ubaya, mwanangu, lakini mimi nitaona kwa macho yangu." Akaingia jikoni.

Mungu wangu, laiti mngeona! Mama wa Kidigo na mpishi wa Kijapani, mmoja hajui Kijapani, mwingine Kiswahili cha kuokoteza, wameinamia pweza mmoja. Bwana Haru akamwonyesha jinsi anavyomsugua kwa chumvi ili alainike. Mama naye akamwonyesha kwa ngumi kwenye meza jinsi wao wanavyompiga. Wakabishana kwa mikono, wakacheka. Siki inayotiwa kwenye wali mama aliionja mwenyewe, akanigeukia, "Hii siki tu. Haina neno."

Wakala samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, na pweza juu ya vitonge vya wali. Bwana Haru akawaambia vile vitonge hata kwao huliwa kwa mkono. Mzee Mwinyi alifurahi kama amepewa nyumba.

Salim aliniita kabla hawajaondoka. "Dada, nilikukosea. Niliwaleta wazazi wangu nikawalisha nisichokijua." Nikamwambia yameisha.

Mzee naye akaniuliza, "Umelelewa na nani?"

"Na mama yangu, mzee. Yuko Mwingi."

"Basi mwandikie. Mwambie kuna watu Msambweni wamekula kwa amani kwa sababu yake."

Hapo ndipo nilipolia.

Kazini sikufukuzwa. Jumatatu Bwana Haru alinipa kalamu, akanikalisha, tukapitia chakula kimoja kimoja, nikaandika kwa mkono wangu kila kilichomo ndani yake, kwa Kiswahili na Kiingereza. Menyu ile ilikaa mezani miaka yote niliyofanya kazi pale. Meneja aliomba msamaha, akabaki, ingawa hatukuwa marafiki.

Na watu wa hapo wakaanza kuja. Ijumaa baada ya swala ungekuta meza mbili tatu za familia, watoto wanapigana kwa vijiti.

Leo mimi nina mgahawa wangu mdogo, na kila mhudumu ninayemwajiri namwambia jambo moja: mgeni anakula kwa kukuamini wewe uliyemletea sahani. Mwambie kilichomo hata kama hakuuliza. Nilichelewa kusema siku ile, lakini nilisema, na mpaka leo najivunia.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani humu amewahi kuweka kazi yake rehani kwa sentensi moja? Na mliokula pweza wa Kijapani, semeni ukweli, anamshinda wa Kidigo?