Sindano ya Baba Mkwe

Rael alikuwa mwoga wa sindano, na asije mtu akaniambia vingine, mimi Kanyiva niliyelala naye chumba kimoja hosteli ya wanafunzi wauguzi miaka yote mitatu. Si mwoga wa kudungwa, la! Mwoga wa kudunga. Siku ya kwenda wodini hamezi hata chai. Akishika trei, zile sindano za kioo zinagongana mpaka wagonjwa wanainua vichwa. Jumamosi moja tulishuka sokoni Ngara kununua machungwa ya kufanyia mazoezi, na chungwa alilidunga vizuri ajabu. "Chungwa haliniangalii," aliniambia. Ngai, msichana huyu! Nilimpenda, lakini alinichosha.

Mwaka wa sabini na moja ukafika mtihani wa wodini: kumdunga mgonjwa penisilini kwenye tako, mwalimu wetu Sista Wamucii akitazama. Rael alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena ni kufunga sanduku na kurudi kwao Maragoli.

Tukaingia wodi ya wanaume. Sista akamwonyesha kitanda cha dirishani. Rael akasogea kidogo, akageuka ghafla, akaficha uso kwa aproni.

"Siwezi, Sista. Huyu ni baba mkwe."

Kweli, alikuwa Mzee Zedekiah, babake Isaiah, yule karani wa mtaa wa Kabiria aliyemchumbia Rael. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa. Mzee alikuja kumtembelea mwanawe, kifua kikambana, akalazwa alfajiri bila Rael kuambiwa. Na kwao, jamani, mke wa mtoto hamshiki baba mkwe hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Sasa tako?

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Sista, mpe mgonjwa mwingine! Hata kwetu Ukambani hii ni aibu!"

"Hospitali haina wakwe," Sista akanijibu. "Iko mgonjwa na iko dawa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Haki ya Mungu, siku hiyo nilimchukia.

Rael machozi yakamtoka. Ndipo mzee, aliyekuwa ameshageukia ukuta kwa haya, akajifunika blanketi kichwa chote, asionekane hata nywele. Sauti ikatoka humo ndani pamoja na kikohozi.

"Sista, ambia huyo msichana mimi simwoni. Mwambie hapa hakuna baba ya Isaiah, iko mgonjwa tu. Nikikufa kwa sababu ya heshima, hiyo heshima itasaidia nani?"

Rael akakaribia. Akafunua blanketi mahali pale pa kudunga tu, si zaidi. Halafu akasimama. Nikajua basi, ameshindwa, kesho namsindikiza stesheni. Kumbe ameona kitu ambacho sisi hatukukiona. Miguu ya mzee ilikuwa inatetemeka. Mzee mzima, mwenye boma na ng'ombe, anaogopa sindano!

Rael akaweka trei chini. Akaweka mkono wake wa kushoto kiunoni mwa mzee, akauacha hapo.

"Mwambieni asiogope," akasema. "Mwambieni niko naye."

Mzee alikuwa amesikia mwenyewe. Rael akangoja mpaka ile miguu ikatulia. Akapaka spiriti, akadunga, akavuta kidogo kuangalia kama kuna damu, akasukuma dawa polepole. Mkono wake haukucheza hata kidogo.

"Mwambieni asante," mzee akasema blanketini.

Mgala muue na haki yake umpe: Sista Wamucii alimpa alama zote, akampangusa machozi kwa leso yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale nalia kwa furaha, makamasi na yote, kwamba rafiki yangu harudishwi kwao.

"Na wewe Kanyiva, unalia nini?" Sista akanigeukia. "Osha mikono. Ni zamu yako."