Tulivyoifundisha Mashine Mkono wa Ami Khalfani

Sisi tuliokulia Ruwi, hapa Maskati, enzi za kaseti tunajuana hata kwa kikohozi. Tunalijua joto la saa nane mchana, madirisha yote yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma dirishani na kudondosha maji kwenye ndoo, na mama anakataza maji yale yasimwagwe kwa kuwa mirehani uani inayangoja. Tunaijua harufu ya mkate wa ufuta ukibanduka kwenye chuma, na mchuzi wa pweza wa nazi, nazi yenyewe ya kubahatisha sokoni. Shuleni tulisema Kiarabu, tena kwa tahadhari, maana ukiteleza neno moja wenzio wanakucheka wiki nzima. Ukivuka kizingiti cha nyumbani tu, Kiswahili kinakutoka chote kwa mkupuo. Watoto wa siku hizi wananiuliza tulikuwa tunafanya nini bila simu. Tulikuwa tunasikiliza, ndivyo ninavyowajibu, nao wanacheka huku masikio yao yamezibwa.

Miaka ile ya themanini ndipo kaka yangu Sudi aliporudi kutoka masomoni Ulaya na sanduku la kaseti. Huo muziki! Hapana udi wala fidla. Sauti ya mwimbaji imebanwa kama anasemea ndani ya bomba la maji, na chini yake ngoma zinagonga bila kuchoka, tki tki paf, tki tki paf. Vijana wa mtaa wakachana maboksi ya mafriji, wakayatandika uwanjani na kuzunguka kwa migongo mpaka kanzu zikawapasukia. Mama akauliza ngoma ile anapiga nani. Sudi akamwambia haipigi mtu, ni mashine.

"Astaghfirullah," mama akasema, "huko kote wamekosa hata mtu wa kupiga ngoma?"

Na mashine yenyewe Sudi alikuja nayo. Ilikuwa ya kijivu, ukubwa wa sinia dogo la kahawa, na vitufe kumi na sita vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na kitaa chekundu juu yake. Ukibonyeza kitufe, umeiambia ngoma ilie pale. Taa zinakimbia kutoka kushoto hadi kulia, zikifika mwisho zinaanza tena. Sudi alikuwa na papara, akibonyeza viwili kwa pamoja na kuharibu kila kitu. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na moja, nimezoea kushona kofia na bibi, vidole vyangu vilikuwa na subira. Kazi ya vitufe nikapewa mimi, na nilijiona malkia.

Ami Khalfani alikuwa mdogo wake baba. Siku za kazi alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali, mtu wa kimya, ukimsalimu anajibu kwa kichwa. Harusini alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na vidumbak vyake, vigoma viwili vya udongo vilivyowambwa ngozi ya mbuzi, alivyotoka navyo Unguja amevipakata. Kabla ya kupiga alikuwa akiwasha seredani na kuvikanza juu ya makaa, akiigonga ngozi kwa ncha ya kidole na kutega sikio mpaka iseme anavyotaka. "Ngoma isiyoota moto ina kigugumizi," alikuwa akituambia. Hakuna harusi ya jamaa zetu hapa Maskati iliyofanyika bila mkono wake.

Siku moja Sudi akamwomba aifundishe mashine. Ami akakubali kwa furaha, wallahi, kwa furaha. Alikaa nasi Ijumaa tatu mfululizo baada ya chakula cha mchana, akipiga polepole, nami nikitafuta kila pigo lake lina taa gani. Palikuwa na pigo moja lililotushinda. Ami alikuwa akilichelewesha kidogo tu, na hapo ndipo kinamama walipokuwa wakivunja kiuno. Nikibonyeza taa ya tano linawahi, nikibonyeza ya sita limepitiliza.

"Lipo katikati ya taa na taa, mwanangu," akaniambia.

"Katikati hapana kitufe, ami."

Akafikiri, kisha akacheka. "Basi nnakuja mimi huko kwenye taa." Akaunyoosha mkono wake ufuate mashine. Miaka thelathini ya kupiga ngoma, akainyoosha kwa ajili ya kunifurahisha mimi.

Ikaja harusi ya binti wa shangazi, huko mji wa Qurayyat, alasiri moja ya mwezi wa saba. Unyevu wa bahari ulikuwa umetuganda kama asali, na vidumbak vililegea vikawa vinalia kama boksi. Ami akatoa seredani yake. Msimamizi wa ukumbi akakataa katakata, moto hauwashwi, si ndani wala uani. Sudi akamwambia ami, "Leo tuweke mashine. Si mkono wako mwenyewe?" Ami akasema haya.

Wenzangu mnakumbuka harusi zetu zilivyokuwa: wapigaji wanaume nyuma ya pazia, kinamama mbele na udi wao na dhahabu zao. Mimi kwa udogo wangu nilipita pande zote mbili. Nyuma ya pazia nilimwona ami amekaa kitini, vidumbak mapajani, mikono juu yake imetulia, na mashine inapiga. Mbele ya pazia nikamkuta shangazi jasho linamtiririka, anapiga vigelegele na kupaza sauti: "Khalfani! Leo mkono umezaliwa upya! Hukupata kupiga hivi!"

Pazia lilikuwa kitambaa tu. Alisikia kila neno.

Nilirudi mbio nyuma ya pazia. Sudi alikuwa anatabasamu, nadhani aliona ni sifa ya nyumba nzima. Ami alinitazama akaniambia nikanywe sharubati. Kwenye gari, tukirudi Maskati, mama alimpongeza naye akaitikia, "Ahsante, shemeji." Hakuwaambia kuwa ilikuwa mashine. Sisi pia hatukuwaambia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa kuwa neno moja la mtoto lingetosha.

Hakupiga tena. Kila alipoitwa alikuwa na udhuru, mgongo, safari, kazi. Wapigaji wenzake wakaendelea na mashine, na harusi zikaendelea kuchangamka, na ni wachache waliouliza.

Mimi nilipochumbiwa, miaka tisa baadaye, nilisema harusi yangu lazima iwe na mkono wa Ami Khalfani. Sudi alikuwa ameshahamia kazini Dubai, mashine ameiacha kabatini. Nikaitoa. Betri zilikuwa zimevuja zamani, nikatia mpya, nikabonyeza. Ikalia tki tki paf, mdundo iliozaliwa nao kiwandani. Tulichoifundisha kilikuwa kinashikwa na betri, na betri zilipokufa kilikwenda nazo. Ijumaa tatu zile zote.

Nikambebea ami hadi nyumbani kwake Ansab, nikamwekea mapajani, nikamwomba anifundishe tena. Aliipapasa vitufe taratibu kwa vidole vilivyokwisha kukakamaa.

"Nilikupeni, mwanangu," akasema. "Nyie mkaweka kwenye betri."

Hakusema kwa hasira. Akamwita mkewe alete kahawa na halua, akaniombea dua ya ndoa njema. Hakuja harusini, na mwaka uliofuata tukamzika.

Leo mwanangu wa mwisho, Haitham, anatengeneza muziki kwenye simu, amejilaza kochini na vumbi la chipsi kifuani. Ngoma za dunia nzima zimo mle, za watu ambao hajawaona na hatawaona. Wiki iliyopita alinivalisha vile vya masikioni. "Mama, skiza, hii kidumbak ya Zanjibar." Nikasikiliza. Kila pigo lilikuwa limeketi sawasawa mahali pake.

"Siyo hivi," nikamwambia.

Akainuka, akashika simu vizuri, maana ni mtoto mwema. "Basi ipoje? Nipigie hapa mezani, nakurekodi."

Nikaweka mikono mezani, nikilitafuta lile pigo la katikati ya taa na taa. Nikangoja, naye akangoja, na simu ikarekodi ukimya wetu mpaka akaizima mwenyewe.