Perege wa Nyuma ya Geti

Bina Chabota alizaliwa na hasira zake, na mwaka ule ukame ulizikoleza. Mahindi yaliungua shambani. Ziwa la Kariba lilirudi nyuma likaacha bwawa moja ghubani, limejaa perege. Bwawa kama hilo wanawake wa Kitonga hulivua kwa siku mbili tatu tu, kabla halijakauka: hujipanga mstari, hukanyaga tope, huwaswaga samaki kwenye nyasi na kuwazoa kwa vikapu. Wakikaushwa, ndio kitoweo mpaka mvua. Mwaka ule kitoweo kingine hakikuwepo.

Lakini ghuba ilikuwa na geti, na geti lilikuwa na ubao wa mwenye hoteli: waingie wageni wenye tiketi, ndoano tu, vikapu marufuku. Wageni walimvua samaki, wakapiga naye picha, wakamrudisha majini. Kuchezea chakula! Na Bina Chabota, ambaye kijiji alikozaliwa kimezama chini ya maji hayohayo, akanunue tiketi.

Siku nne alikuja na wenzake. Siku nne mlinzi, Siampongo, mtani wake wa ukoo, aliwazuia.

"Toka hapo, mla ngozi ya ngoma! Bwawa linakauka!"

"Nikifungua nafukuzwa kazi, mtani. Na nyie mkiona samaki hata salamu mnasahau."

"Nitakusalimia siku ya kukuzika!"

Wakacheka, maana mtani hakasirikiwi. Geti likabaki limefungwa.

Siku ya tano Bina Chabota alimchomoa mlinzi ufunguo kiunoni. Mtani akichukua chako, hupigani naye. Siampongo akainua mikono.

"Nimeporwa na mtani. Nifanyeje?" alisema, na ilionekana kabisa kwamba alikuwa akilisubiri jambo hilo.

Walikuta tope limepasuka. Perege walikuwa wamelala juu yake kwa mamia, matumbo yamevimba, nzi wamewajaa. Wanawake wakaketi chini wakalia. Bina Chabota hakulia. Alijaza kikapu, akarudi getini, akakimwaga juu ya meza ya tiketi, mbele ya karani na wageni waliopanga foleni.

"Wakatie tiketi," alisema. "Wamelala kwenu siku tano."

Siampongo akaanza kucheka, kama ilivyo wajibu wa mtani.

"Nyamaza," alimwambia. "Leo sikutanii."