Cherero Aliyekataa Kula Mbele Yangu

Mwanangu aliniletea cherero, kale kakasuku kadogo ka kijani, kutoka sehemu za Choma. Siku mbili nzima ndege hali, kajibana pembeni ya tundu anatetemeka, nikajua atakufa. Mimi, mgeni akifika kwangu, lazima nimbembeleze ale, basi nikamsimamia na punje za uwele mkononi: kula baba, kula.

Mke wa mwanangu akacheka. "Mama, hata mimi siku ya kwanza hapa ulinikodolea macho hivyo hivyo. Nililala na njaa."

Haya. Nikafungua tundu, nikampa mgongo, nikawa napepeta uwele wangu. Punde kitu chepesi kikatua ukingoni mwa ungo: ni cherero, anabangua, ta, ta, ta. Hata kukohoa sikukohoa, lakini moyo ulitulia, alhamdulillahi. Huyu hafi tena.