Randevu ya Mama Marie

Kwanza niwaambie kitu moja, mutu asifikiri mimi Agnès ni mupagani wa kuzaliwa. Nililelewa ndani ya Kanisa ya Bustani kule Pweto, mbele sijajua hata kujifunga kitenge. Mama yangu Marie alibatizwa akiwa na mimba yangu. Kwetu, Bustani ilikuwa kitu ya kila siku sawa chumvi. Ukipasua sahani: "Acha, katika Bustani sahani hazitapasuka." Jino ikikuuma: "Vumilia, Bustani iko karibu." Dunia hii itafanywa mupya, wafu wataamuka, kila mutu atarudia kwenye mulango wa nyumba yake, na hakuna mutu wa bunduki atapita pale tena. Nani angekataa kitu ya vile? Hata leo mukinionyesha njia yake, nitaenda kwa miguu.

Na tulikuwa na desturi yenye makanisa ingine hawana. Tunaiita randevu. Mbele udongo ufunike sanduku, kila mutu wa jamaa anasimama pembeni ya kaburi na kumupa marehemu randevu: siku ya kwanza ya Bustani tutakutana fasi gani, na tutafanya nini. Hapana maneno ya juu juu. Unasema, "Baba, nitakukuta kwenye kivuko, tutashona nyavu yako." Muzaliwa wa kwanza njo anaanza. Yeye akinyamaza, wadogo wote wamefungwa mudomo. Kaburi inafunikwa bila randevu, na kwetu hakuna aibu yenye inapita ile.

Mwaka 2017 vita ikatukimbiza. Tuliingia Zambia miguu imevimba: Mama, mimi, ndogo yangu Apollinaire, dada yetu wa mwisho Claire (hawa wawili wananiita Yaya, mukubwa wao), na mutoto wangu mumoja tu, Princesse. Baba yake alikwisha kutuacha zamani, tusipoteze wakati juu yake. Wakatupa shamba kule Mantapala, ndani ya pori, mbali kidogo na Nchelenge. Mvua ya kwanza tu, malaria ikamubeba Princesse. Alikuwa na miaka sita.

Nilisimama kwa kaburi nikamupa randevu yangu. "Princesse, asubui ya kwanza utakaa katikati ya magoti yangu, nitakusuka. Na hautalia." Maana alikuwa analia, huyu! Kichwa yake ilikuwa laini, ukigusa tu anapiga kelele mpaka majirani wanauliza kama tunaua mutu. Ile randevu ilinibeba miaka miwili. Nilikuwa ninaamuka juu yake, ninalima juu yake, hata bukari, ugali yetu, ilikuwa inapita kwa koo juu yake.

Halafu siku moja ya yenga, siku yetu ya ibada, Mwangalizi wetu, Méschac, akafundisha namna miili itakuwa katika Bustani. Akasema hakutakuwa wazee na hakutakuwa watoto. Kila mutu ataamuka na mwili wa miaka makumi tatu, muzima, na nguvu zake zote. Watu wakapiga mikono. Wamama wazee wakacheka kwa furaha wakishika magoti yao. Mimi nikainua mukono.

"Mwangalizi, mutoto wangu alikuwa na miaka sita."

"Utafurahi, Mama Agnès. Utamukuta mwanamuke mukubwa, muzuri."

"Nilimupa randevu ya kumusuka."

"Hatakuwa na lazima ya kusukwa."

"Basi huyo mwanamuke ni nani? Mimi nilizika katoto. Mukinirudishia mutu mukubwa mwenye sijawahi kumuona, mutakuwa mumenirudishia nini?"

Mama akanivuta kitenge nikae. Sikukaa. Na siku ya yenga yenye ilifuata nikauliza tena, na ile ingine tena, maana hakuna mutu alinijibu. Walikuwa wananiambia tu nifurahi. Eh! Mutu anakuambia furahi sawa vile anakuambia sogea kidogo. Na wakati unaanza kuuliza ulizo moja, zingine zinakuja zenyewe, hazibishi hodi. Kisha ile mwezi wakubwa wa Kanisa walisimama mbele ya watu, wakasema jina yangu, wakasema mutu asikule na mimi sahani moja, asikae kwa kiti yangu, asinililie siku nitakufa. Mama yangu mwenyewe alikuwa pale. Aliangalia chini.

Nikabeba beseni yangu nikaenda Kashikishi, kwa ziwa. Niko kule miaka sita.

Kazi yangu ni chisense, hizi samaki ndogo ndogo. Wavuvi wanazileta asubui, unanunua, unazianika juu ya nyavu ya zamani ili mchanga usiingie, unazigeuza mbele jua ifike katikati. Kugeuza ni kazi ya watu wawili, mumoja anashika nyavu huku, mwingine kule. Mimi nilikuwa ninafunga pembe moja kwa kijiti. Jirani yangu Eneless, Mubemba mwenye roho nzuri na mudomo wazi, alikuwa ananisaidia akiwa na nafasi. Siku moja nilimuambia kama katika Bustani hakuna kuua, hata samaki, watu watakula matunda tu. Akaacha nyavu. "Awe, hapana, mama! Hakuna chisense? Mimi sitakuja, munisamehe." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini yeye magaribi anarudia kwa bwana yake na wajukuu wake, na mimi ninafunga mulango juu ya mutu mumoja. Niseme ukweli: nilikuwa na ukiwa. Kuna siku sauti yangu mwenyewe ilinishitua, juu sikuisikia tangu jana yake.

Mama hakuvunja sheria yao. Lakini wachuuzi wenye walikuwa wanatoka Mantapala kuja kununua samaki walikuwa wananiletea maneno. "Kuna mama muzee kule alisema tumuambie mwenye kuuza chisense, mihogo imekomaa." Siku ingine: "Anasema paa inavuja, lakini wameziba." Hakutaja jina yangu hata mara moja, na hakuniuliza kitu. Mimi pia nilikuwa ninajibu vile: "Mumuambie huyo mama muzee, huku ziwa iko na upepo." Miaka sita tulizungumuza hivyo.

Mwezi wa tano mwaka huu maneno yakakatika. Nikafikiri wachuuzi wamebadilisha njia. Halafu asubui moja ninaona Apollinaire anashuka kwa pikipiki, anasimama pale kwa mchanga, viatu mukononi. Nikamuletea kiti. Akaiangalia, hakukaa.

"Yaya, Mama amelala."

Kwetu hivyo njo tunasema mutu amekufa. Nikashika kile kijiti ya nyavu.

"Alikuwa mugonjwa tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na mimi munanijulisha leo?"

"Unajua vile iko, Yaya."

"Sijui! Niambie vile iko! Mama yangu anakufa wiki tatu, pikipiki haikupatikana, leo amekwisha kufa pikipiki imepatikana?"

Alianza kulia. Ni mwanaume mukubwa, mwangalizi musaidizi, na alilia pale mbele ya wavuvi wenye walikuwa wanashusha nyavu. Akasema maziko ni kesho. Akasema nikuje kusimama kwa kaburi.

"Munanihitaji mimi, ao munahitaji mudomo wangu?"

"Wewe njo wa kwanza. Ukinyamaza, sisi wote tunanyamaza. Mama ataenda bila randevu hata moja. Yaya, mwanamuke mwenye aliwapa watu wote randevu!"

"Siamini ile kitu, Apollinaire. Munanijua."

"Sema tu. Mungu anajua moyo."

"Kumbe! Miaka sita mulinifukuza juu sikutaka kusema kitu yenye siamini. Leo munakuja kunibembeleza niseme uongo? Na mbele ya Mama?"

Akapangusa uso na shati yake, akasema: "Hata Claire, tangu jana hakuli. Anauliza kila saa, Yaya atasema? Atasema kweli? Anaogopa sana."

Ile ya Claire iliniingia. Claire nilimubeba mugongoni kutoka Pweto siku ile ya kukimbia, na alikuwa na miaka kumi na tatu, miguu mirefu inagonga yangu. Sasa ameolewa na Djo, mutoto wa Mwangalizi Méschac mwenyewe. Miaka sita, tukikutana soko ya Nchelenge, alikuwa anapita macho chini. Sikumukasirikia. Nilisema, huyu ni mutoto, na anakaa kwa nyumba ya watu.

Njia yote ya Mantapala nilikuwa nimekata shauri kunyamaza. Ninawaapia. Mama alikuwa mutu wa ukweli, hata ukimuletea mihogo mbaya atakuambia ni mbaya. Kumudanganya akiwa hawezi kujibu, hapana, ile sikuweza. Nilisema moyoni, nitasimama, nitamuangalia mara ya mwisho, nitarudi nyuma. Wakinipiga mawe, wapige.

Tukafika kwa kaburi. Watu wote wa Kanisa walikuwa pale, na walinifungulia njia bila kunigusa. Sanduku ilikuwa ndogo. Sikujua kama Mama alikuwa amekuwa mudogo vile. Méschac akaita: "Muzaliwa wa kwanza."

Nikasimama pembeni. Nilimuona Apollinaire amekamata mikono yake sawa mutu mwenye kusikia baridi. Halafu nikamuona Claire upande ile ingine ya kaburi. Kwa mara ya kwanza tangu miaka sita aliniangalia usoni. Macho yake yalikuwa makubwa, yananiomba, yananiomba kabisa. Na mimi nikavunjika. Nikasema ndani yangu: Agnès, ukweli wako huu utakulisha nini? Mupe huyu mutoto aage mama yake.

"Mama," nikasema, "asubui ya kwanza, mbele ya nyumba yetu ya Pweto, utanikuta ninatwanga mihogo. Utasimama hapo nyuma yangu, utaniambia ninatwanga vibaya. Utaninyanganya mutwango. Na mimi nitakaa chini nikuangalie."

Watu wakacheka na kulia pamoja, maana Mama alikuwa vile hasa. Na mimi, mwenye siamini, niliiona: mulango, kinu, mukono yake yenye inakuja. Mungu wangu, namna gani nilitaka iwe kweli. Nilirudi nyuma.

Apollinaire akatoa yake, ndefu, anasimama kila wakati kupangusa macho. Kisha Claire. Alikawia sana. Watu walianza kukohoa. Mwisho akasema, sauti ya chini kabisa, "Mama, tutaonana," basi. Tukafikiri ni huzuni.

Nyuma ya maziko wamama walinizunguka. Mumoja akanishika shingo, "Karibu nyumbani, karibu nyumbani." Waliniletea maji ya kunawa, wakaniita kwa sahani yao. Bukari ya moto, na mboga ya muhogo, na mikono ya watu wengine ndani ya sahani pembeni ya mukono yangu. Nilikula. Sitawadanganya, nilikula sana, na kila tonge nilikuwa ninasema moyoni, kesho nitawaambia, kesho nitawaambia.

Claire hakuwa kwa sahani. Nilimuona anaenda nyuma ya kikoni kubeba kuni, nikamufuata. Nilifikiri atanikumbatia. Nilikuwa nimekwisha kufungua mikono.

"Juu ya nini ulisema, Yaya?"

"Juu yako. Uliniangalia vile."

"Nilikuangalia ili unyamaze."

Sikuelewa. Nilibakia na mikono yangu hewani. Aliangalia kama hakuna mutu anakuja, halafu akasema haraka haraka, sawa mutu mwenye alikwisha kuirudilia mara mingi akiwa peke yake.

"Ile siku uliuliza juu ya Princesse, nilikuwa nimekaa nyuma yako. Tangu ile siku sikuamini tena. Miaka sita, Yaya. Ninaimba, ninafunga, ninaitika, siamini. Nilisema, siku ya Mama, Yaya atanyamaza, yeye hajui kusema uongo, na sheria yao wenyewe itanifunga mudomo, sitamudanganya Mama. Njo kitu moja tu nilikuwa ninaomba. Wiki tatu nilikuwa ninaomba ile tu."

"Claire, kwa nini haukuniambia? Miaka sita niko pale, ninakufa na ukiwa, na wewe uko hapa?"

"Ningekuambia wapi? Kwa soko? Djo ananishika mukono." Akapangusa uso na kitambaa yake. "Na nilikuwa na wewe, hata haukujua. Nilikuwa ninasema, kuna mutu mumoja mwenye alikataa, na bado eko hai, anauza samaki. Sasa umesimama mbele yao wote, umesema."

"Nitawaambia. Leo hii nitawaambia nilisema uongo."

"Na nani atakusikiliza? Watasema ni huzuni. Walikusikia. Hata mimi nilikusikia, nikaona Mama anakunyanganya mutwango." Akainama akakusanya kuni, moja moja. "Ulisema vizuri sana, Yaya."

Nilitaka kumushika mukono. Mama mumoja wa Kanisa akaita kutoka kule kwa sahani: "Claire! Yaya yako eko wapi? Tumutafutie fasi ya kulala!"

Claire akaweka kuni juu ya kichwa, akanyoosha uso wake, na nikauona ukifungwa sawa mulango.

"Eko hapa, Mama," akajibu kwa sauti ya furaha. "Amerudi kwetu."