Mama ameliulizia daraja la dada Somoe

Leo mama kamuuliza dada swali, nami nimelileta kwenu.

Dada yangu Somoe yuko Ulaya, anafanya kazi kwenye daraja la reli. Meli za mizigo zikija analiinua zipite, treni ikikaribia analishusha. Sisi huku Nambambo tulijua anasimama juu yake. Mvua ikinyesha tu, mama anamwombea asiteleze majini.

Mchana tunabangua korosho, akapiga kwa video baada ya zamu. Kumbe yumo ofisini, kwenye kiti!

"Daraja liko wapi?" mama akauliza.

"Mji mwingine, mama. Naliona kwa kamera, nabonyeza kitufe linainuka."

"Na kama kuna mtu juu?"

"Natangaza kwa spika aondoke. Siliinui mpaka atoke."

"Mtandao ukikata?"

"Treni zinasimama, meli zinasubiri, fundi anakwenda mwenyewe."

(Na mimi nilikuwa na maswali yangu, sikupewa nafasi.)

Mama akaacha kubangua.

"Kwa hiyo wewe uko mbali nalo, na kazi inakwenda?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si urudi, mwanangu, uliinulie hapahapa?"

Nilidhani dada atacheka. Akajifuta macho.

"Nitakuja Idi, mama," akasema.

"Idi ni kutembea. Mimi nimeuliza kurudi."

Jamani, mnaojua mambo ya mitandao, kweli haiwezekani? Mama kakaa hapa pembeni, anataka niwasomee majibu yenu.